Injini Haikuuawa na Maji, Iliuawa na Mdomo Wangu

Wasee, leo mkitaka kunitusi kwa komenti, karibuni sana. Mvua ikinyesha Nairobi tunasema maji yameua gari ya fulani. Mara nyingi huo ni uongo. Gari inauliwa na yule amekaa kando ya dereva akisema "kanyaga tu." Najua kwa sababu huyo alikuwa mimi.

Ilikuwa msimu ule wa mafuriko wa 2024, tunarudi nyumbani kupitia South C. Brathangu ana Vitz ndogo, anafanya nayo teksi, na bado analipa mkopo wake kila wiki. Tukapata barabara imekuwa mto. Akapunguza mwendo, akasema, "Wacha nigeuze." Mimi simu iko juu, narekodi. Nikamwambia, "Si unaona ile Probox imepita? Wacha uoga, kanyaga!" Ukweli ni kwamba nilitaka klipu.

Akakanyaga. Katikati ya maji gari ikakohoa, ikazima. Hapo nikaongeza ujinga wa pili: "Washa tena." Akapiga stata mara tatu. Ya tatu tukasikia *ko!* kama nyundo imegonga sufuria. Baada ya hapo, kimya.

Kesho yake fundi alifungua ile injini akatuonyesha chuma kimepinda. "Kijana yangu," akamwambia brathangu, "kama ungeiacha vile ilizima, pengine ungeenda nayo nyumbani." Brathangu hakunitazama. Afadhali hata angenitusi.

Sasa sikizeni, kwa sababu hii hatukufunzwa tukitafuta leseni. Injini inapumua kama wewe. Inavuta hewa kupitia eya klina, inaichanganya na petroli, halafu pistoni inaifinya hiyo hewa mpaka ibaki karibu sehemu moja kwa kumi. Hewa inakubali kufinywa. Maji hayakubali. Pistoni ikipanda na ikute maji, kitu kimoja lazima kiache njia, na mara nyingi ni konrodi, ile fimbo ya chuma inayosukuma pistoni. Inapinda, au inavunjika na kutoboa injini.

Na si lazima maji yawe mengi. Kwa injini ya 1000cc yenye silinda tatu, vijiko vitatu vikubwa vya maji ndani ya silinda moja vinatosha kumaliza kazi. Ukiwa umekanyaga ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu injini inazunguka kwa nguvu na inavuta kila kitu kilicho mbele ya mdomo wake.

Halafu hii hadithi ya "Probox imepita" iishe. Hujui mdomo wa hewa wa hiyo gari uko juu kiasi gani. Na hiyo gari ikipita inaacha wimbi nyuma yake. Wewe unaingia na gari ya chini, unapokea wimbi la mwenzako na lako juu yake. Kwa hivyo kupita kwake si ushahidi kwamba wewe utapita.

Najua komenti inayokuja: "Na kaunti je? Mitaro imeziba kila mwaka, na tunalipa ushuru." Ni kweli, na mimi niko na nyinyi kwa hilo. Mitaro imejaa taka, watu wamejenga juu ya njia za maji, na kila Aprili tunashangaa upya. Piga kelele, andika, enda uwaulize wale uliowapigia kura. Lakini hiyo hasira haitakununulia injini Kirinyaga Road. Na kama una bima ya third party pekee, injini yako ni mzigo wako. Mtaro mbovu ni kosa lao. Kuingia kwenye maji huoni chini yake ni kosa letu, na hili letu tunaweza kuliacha leo.

Na si injini pekee. Tarehe 4 Desemba 2021, basi lilijaribu kuvuka mto Enziu kule Mwingi, limebeba watu wanaoenda harusi. Zaidi ya watu 30 walikufa. Wote tuliona ile video. Maji ya kufika magotini yakiwa na kasi yanaweza kubeba gari ndogo. Basi lile ni kubwa mara ngapi kuliko Vitz?

Kwa hivyo kuanzia sasa, ukiwa abiria, kazi yako ni neno moja: "Geuza." Kama mko na haraka, chelewa. Kama dereva ameshaingia na gari imezima, usiguse ufunguo hata kidogo. Kama maji hayapandi na hayana kasi, shukeni msukume mpaka pakavu. Yakianza kupanda, tokeni muiache gari hapo. Halafu ivutwe mpaka kwa fundi. Atatoa plagi na kuizungusha injini iteme maji, aangalie eya klina, aangalie oili. Oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia, na inamwagwa yote kabla injini iwashwe. Hiyo ni gharama ya siku moja. Kupiga stata ndiyo gharama ya miezi.

Ile klipu niliifuta. Ingepata watazamaji wengi, hilo najua, na wengi wangecheka. Brathangu alikaa wiki sita bila kazi na mkopo haukungoja. Sasa kila mwisho wa mwezi namtumia kitu kidogo kwa M-Pesa, na bado hatujamaliza deni la injini. Kwa hivyo mvua ikianza tena na uone mtu amesimama mbele ya maji akifikiria, tafadhali usimpigie honi. Mwache ageuze.