Butembo–Beni: Miaka ya kazi Uganda isipotelee mpakani Kasindi

Wakaaji wengi wa Butembo na Beni wamevuka Kasindi kwenda kufanya kazi Uganda. Huko, kwa mfanyakazi aliyeandikishwa, 5 kwa mia ya mshahara hukatwa, muajiri anaongeza 10 kwa mia, na vyote vinawekwa katika mfuko wa NSSF. Akifikisha miaka 55, analipwa akiba yake.

Kwetu Congo, CNSS, iliyochukua nafasi ya INSS, ina njia nyingine. Pensheni inaanza miaka 60 na inategemea miezi iliyolipiwa. Anayerudi nyumbani anabaki na pengo katika hesabu.

Congo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Itifaki ya soko la pamoja, iliyoanza kutumika 2010, inataja pia haki ya mfanyakazi kwa hifadhi ya jamii. Ikiwa bidhaa zinavuka Kasindi kila siku, miaka ya jasho nayo ivuke. Wabunge wetu wadai miaka ya nchi hizi mbili ihesabiwe pamoja, au mtu aruhusiwe kulipia miezi iliyokosekana, kidogo kidogo. Aliyekimbia vita na kuacha shamba la kakao hawezi kutoa yote mara moja.

Kwa sasa, familia zilizohama zitunze namba ya NSSF na kuwaonyesha watoto, kwani mwanachama akifa warithi wana haki. Kadi ikiungua, akiba haiungui. Ni jasho lenu: muifuatilie.