UCHAMBUZI: Imani ni nguzo ya mgonjwa wa saratani, isigeuzwe mzigo

FAMILIA nyingi nchini Kenya hupokea habari za saratani mara mbili. Mara ya kwanza ni katika chumba cha daktari, matokeo ya vipimo yanaposomwa. Mara ya pili ni nyumbani, jamaa wanapokusanyika, mmoja wao anapoongoza sala, kisha swali zito linapoulizwa: sasa tufanye nini?

Jibu linalotolewa jioni hiyo ndilo aghalabu huamua iwapo mgonjwa atarejea hospitalini siku aliyopangiwa, au atapotelea kwa miezi kadhaa katika mikesha ya maombi na safari za kwa waganga, hadi uvimbe uliokuwa ukitibika uwe umesambaa mwilini.

Suala hili si dogo. Makadirio ya kimataifa yanaonyesha kwamba mnamo 2022 Kenya ilikuwa na visa vipya vya saratani takriban 44,700, huku watu zaidi ya 29,000 wakifariki kutokana na maradhi hayo mwaka huo. Saratani za matiti, mlango wa kizazi, tezi-kibofu na umio ni miongoni mwa zinazoongoza, na wagonjwa wengi hufika hospitalini wakati maradhi yamekwisha kukomaa.

Wakenya walionja uchungu huo kwa pamoja Julai 2019. Katika mwezi huo mmoja, saratani iliwaua aliyekuwa Afisa Mkuu Mtendaji wa kampuni ya Safaricom, Bob Collymore, Mbunge wa Kibra Ken Okoth na Gavana wa Bomet Joyce Laboso. Ilibainika wazi kwamba maradhi haya hayachagui cheo wala mfuko.

Hata hivyo, mfuko huamua mengi katika safari ya matibabu. Tiba ya kemikali hutolewa kwa awamu, nyingi zikipishana kwa majuma matatu hivi. Tiba ya miale nayo kwa kawaida hutolewa siku 5 kwa juma, kwa majuma kadhaa mfululizo. Mgonjwa anayeishi mbali na kituo hulazimika kutafuta mahali pa kulala, chakula na mtu wa kumshika mkono.

Kwa miaka mingi, Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta jijini Nairobi ndiyo pekee ya umma iliyokuwa na mashine za miale. Vituo vilivyofunguliwa baadaye katika miji kama vile Nakuru, Mombasa na Garissa vimewapunguzia baadhi ya wagonjwa mwendo, lakini si gharama zote.

Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) ilipochukua nafasi ya NHIF mnamo Oktoba 2024, kiwango cha matibabu ya saratani kilikuwa Sh550,000 kwa mwaka kwa kila familia. Mwaka uliofuata serikali ilitangaza kwamba kiwango hicho kingepandishwa hadi Sh800,000. Fedha hizo zina msaada mkubwa, lakini hazimlipii nauli dada anayemsindikiza mgonjwa, wala hazimrudishii kibarua mume aliyefunga duka ili amuuguze mkewe.

Hapo ndipo imani inapoingia, tena si kwa maneno matupu. Ni kanisa au msikiti unaopitisha kapu la mchango. Ni jumuiya ndogo ya waumini inayopanga zamu ya kumpikia mgonjwa uji na kuwaangalia watoto. Ni muumini aliye mjini anayempa hifadhi mtu asiyemjua kwa kuwa tu wanasali dhehebu moja. Kwa hakika, jamii za waumini zimekuwa sehemu ya mfumo wa afya wa nchi hii, ingawa hazimo katika bajeti yoyote.

Isitoshe, imani humpa mgonjwa kitu ambacho daktari hawezi kukiandika kwenye karatasi ya dawa. Mtu aliyetapika usiku kucha baada ya dawa, nywele zikimpukutika na ulimi ukikosa ladha, anahitaji sababu ya kurudi kwa awamu nyingine. Wengi huipata katika sala za mama, katika dua ya baada ya alfajiri, au katika utulivu wa jamaa anayeketi kando ya kitanda bila kusema lolote.

Lakini imani hiyo hiyo ina upande wa pili, nao ni lazima utazamwe bila woga.

Mnamo 2011, maelfu ya watu, wakiwemo Wakenya, walimiminika katika kijiji cha Samunge, Loliondo, kaskazini mwa Tanzania. Walikwenda kunywa kikombe cha dawa ya mitishamba ya mchungaji mstaafu Ambilikile Masapila, maarufu kama Babu wa Loliondo, aliyesema ameoteshwa na Mungu. Kikombe kiliuzwa Sh500 za Tanzania na kilisemekana kutibu maradhi sugu, saratani ikiwa mojawapo. Misururu ya magari ilinyoosha kwa kilomita nyingi, na baadhi ya wagonjwa walifia foleni.

Waliokwenda Loliondo hawakuwa wajinga. Walikuwa wamechoshwa na bili, na kikombe cha bei nafuu kilichobeba jina la Mungu kiliwafaa kuliko kitanda wasichoweza kukilipia. Tumaini la muujiza hushamiri pale ambapo tiba iko mbali au ni ghali, na serikali haiwezi kuwalaumu wananchi kwa hilo ilhali yenyewe haijaufupisha mwendo wa kufika hospitalini.

Mkasa wa msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, ambako miili zaidi ya 400 ilifukuliwa kuanzia 2023, haukuhusu saratani. Hata hivyo, uliwakumbusha Wakenya jinsi neno la mhubiri mmoja linavyoweza kuwa na uzito kuliko njaa ya mtoto na kilio cha mzazi.

Madhara mengine hayavumi kama hayo, ila yanaumiza vilevile. Mgonjwa anapoambiwa kwamba hajapona kwa sababu imani yake ni haba, anabebeshwa hatia juu ya maumivu. Anapoombwa atoe ushuhuda wa kuponywa kabla ya daktari kuthibitisha, anaona haya kurudi kliniki. Na anapohimizwa kufunga siku kadhaa ilhali dawa zimemdhoofisha, mwili unapoteza nguvu za kuhimili awamu inayofuata.

Hata wingi wa wageni wenye nia njema una hatari yake. Tiba ya kemikali hupunguza chembechembe nyeupe za damu zinazopigana na viini vya maradhi. Kikundi cha maombi kinachojazana katika chumba kimoja, mmoja wao akikohoa, kinaweza kumletea mgonjwa homa ya kumrudisha wodini. Maombi hayo yanaweza kufanyiwa uani, au kupitia simu, na yakafika kule kule yanakokusudiwa.

Kuna pia suala la ukweli. Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji, na familia nyingi zimelichukua neno hilo kupita kiasi. Jamaa hunong'onezana na daktari mlangoni, kisha humwambia mgonjwa kwamba yote yatakuwa sawa kwa jina la Mungu. Mwenye maradhi hubaki peke yake na hofu aliyokwisha kuihisi, asithubutu kuitamka kwa kuogopa kuonekana amekata tamaa.

Mafundisho ya dini kuu nchini hayaitaki hali hii. Uislamu unamhimiza mja kutafuta dawa na kumtegemea Mola baada ya kufanya lililo katika uwezo wake. Katika Biblia inayotumiwa na Wakatoliki, kitabu cha Yoshua bin Sira kinaagiza daktari aheshimiwe kwa kuwa hekima yake yatoka kwa Mungu. Baadhi ya hospitali kongwe nchini zilianzishwa na wamisionari. Anayemtaka muumini achague kati ya sala na sindano anazua ugomvi ambao dini hizo hazijauleta.

Kwa hivyo, viongozi wa dini wana wajibu ulio bayana. Anayemwekea mgonjwa mikono na amuulize tarehe ya kliniki inayofuata. Anayechangisha na ahakikishe kwamba fedha zimefika hospitalini. Na pale madaktari wanaposema tiba haiwezi tena kuushinda ugonjwa, asiahidi muujiza, bali aisaidie familia kutafuta huduma za hospisi ili maumivu yapunguzwe na heshima ya mgonjwa idumishwe.

Familia nazo zijiulize swali moja kila wakati: je, imani yetu inamfikisha mgonjwa kwenye matibabu yake, na inamwacha aseme anavyohisi? Jibu likiwa ndiyo, basi hiyo ni nguzo. Likiwa la, hata sala zikiwa ndefu namna gani, mgonjwa amelemewa na mzigo wa pili asiouomba.