Tusizike Talanta ya Dada Yetu



Sote tunaujua mfano wa talanta alioutoa Bwana wetu Yezu. Mtumishi aliyepewa talanta moja aliingiwa na hofu, akachimba shimo, akaifukia. Huyo alizika iliyo yake, kwa mkono wake mwenyewe. Lakini katika nyumba zetu na parokia zetu zimo talanta ambazo hazizikwi na waliozipokea. Huzikwa na sisi tulio kando yao: wazazi, kaka, walimu, hata rafiki wa kikundi. Nasi huliita tendo hilo busara.

Tendo hilo lina siku yake. Katika nchi yetu, mwanafunzi amalizapo mwaka wa nane hutakiwa kuchagua njia ya masomo atakayoifuata mpaka Mtihani wa Serikali. Wakati huo ana umri wa miaka 14 hivi. Msichana aliyependa hesabu kuliko masomo yote anarudi nyumbani kuomba shauri, naye anaambiwa kwamba fizikia ni ya wanaume, kwamba umeme na mitambo vitamchosha, kwamba achukue ushonaji au ualimu apate kuolewa upesi. Ushonaji ni kazi ya heshima, na ualimu ni wito mtukufu; anayeupenda aufuate kwa furaha. Ninalolipinga ni kumsukumia humo yule ambaye moyo wake uko kwingine.

Pengine hakuna hata neno baya linalosemwa. Tangu mwaka 2019 serikali imetangaza kwamba masomo ya shule za msingi za umma ni bure, lakini sekondari bado inalipiwa. Fedha zikipungua, husemwa tu: «Atangulie kaka, wewe utangoja.» Na kungoja huko mara nyingi hakuna mwisho.

Taifa linapoteza nini? Mfikirieni Sandrine Mubenga. Akiwa na umri wa miaka 17, mjini Kikwit, aliugua kidole tumbo, akahitaji kupasuliwa haraka. Umeme haukuwapo hospitalini, naye akakaribia kufa kwa kungoja. Alipopona hakuridhika na kushukuru peke yake: alikwenda Marekani kusomea uhandisi wa umeme, akawa mwalimu katika Chuo Kikuu cha Toledo, na mwaka 2020 aliteuliwa kuongoza mamlaka inayosimamia sekta ya umeme nchini mwetu. Pia alianzisha mpango wa kuwalipia masomo vijana Wakongo wanaosomea sayansi. Maumivu yake aliyageuza kuwa huduma.

Nchi yetu ina Mto Congo na mabwawa ya Inga, hata hivyo wako akina mama wanaojifungua kwa mwanga wa tochi. Nani ana sababu kubwa zaidi ya kulitafutia dawa giza hilo kuliko binti za akina mama hao? Na mjini Kinshasa, mhandisi Thérèse Izay Kirongozi, pamoja na wenzake, aliunda roboti za kuongoza magari na watembea kwa miguu penye njia panda. Tangu mwaka 2013 wapita njia wameziona kwa macho yao. Hakuna aliyeuliza kama mikono iliyoziunda ilikuwa ya mwanamume.

Wengine wataogopa kwamba masomo hayo yatamharibia binti imani yake au ndoa yake. Historia ya Kanisa inatufundisha vingine. Mwaka 1732, mjini Bologna, uliokuwa chini ya utawala wa Papa, chuo kikuu kilimpa Laura Bassi cheo cha ualimu. Alifundisha fizikia, akaolewa, akazaa watoto, na Papa Benedikto XIV alimwunga mkono. Kuchunguza viumbe ni kusoma kazi ya Mwumba, na Mungu hakukigawa kipawa hicho kwa kutazama nani ni mvulana, nani ni msichana.

Basi tufanye nini? Kaka, anza nyumbani. Dada yako anapochota maji, anapopika na kufua vyombo mpaka usiku, daftari lake linabaki limefungwa wakati lako liko wazi. Shika ndoo, naye apate saa moja ya kusoma kabla mwanga haujakwisha. Viongozi wa vikundi, mwombeni Padri ukumbi wa parokia kila Jumamosi; wanafunzi wa vyuo vikuu waje kuwasaidia wadogo katika hesabu na kemia, na wasichana wakae mbele. Mwaka wa nane unapokaribia mwisho, watu wazima wanaoheshimiwa katika jumuiya waende kuzungumza na wazazi, kwa upole, kabla uamuzi haujafanywa.

Nawe dada, usikubali alama moja mbaya ikuambie wewe ni nani. Hesabu ni kama njia ya shamba: hufunguka kwa kupitwa kila siku. Omba, kisha kaa chini usome.

Siku moja Bwana atarudi kudai mali yake. Dada yetu ataulizwa ameifanyia nini talanta aliyopewa. Sisi tutajibu nini, iwapo ataitika: «Bwana, niliipokea kwa furaha, lakini ndugu zangu waliifukia»?