Tuonwe Tunapofundisha: Ilani ya Walimu wa Tiba

Sisi ni madaktari, wauguzi, wakunga na wafamasia tunaofundisha katika hospitali na vyuo vya afya vya Tanzania. Tunaanzisha harakati hizi kwa dai moja: anayefundisha tiba afundishwe kufundisha, na aonwe akifundisha.

Shule ya tiba ya Dar es Salaam ilifunguliwa mwaka 1963, na leo vyuo vinavyotoa madaktari vipo Moshi, Mwanza, Dodoma na kwingineko. Vyuo vimeongezeka, lakini kigezo kikuu cha kumpata mwalimu bado ni alama za mtihani. Aliyefaulu vizuri hubakizwa chuoni, husoma ubingwa, kisha hukabidhiwa wodi na wanafunzi. Kabla ya kushika kisu peke yake alisimamiwa kwa miaka. Kabla ya kushika darasa, mara nyingi hakusimamiwa na mtu yeyote.

Matokeo yake yanaonekana asubuhi ya raundi. Kitanda kimezungukwa na makoti meupe. Mwalimu anauliza kwa Kiingereza, mwanafunzi anajibu kwa Kiingereza, akikosea anakaripiwa mbele ya wote. Mama aliyelala pale, ambaye mwili wake ndio unaojadiliwa, anabaki kutazama nyuso zao ili abahatishe kama atapona. Kundi linahamia kitanda cha pili bila kumwambia neno. Siku hiyo wanafunzi wamejifunza jambo, tena kwa kina: kwamba mgonjwa hutendewa hivyo, na mdogo huaibishwa hivyo. Mhadhara wa maadili hauwezi kulifuta somo hilo.

Hatugombani na Kiingereza cha vitabu na mitihani. Tunachosema ni kwamba mgonjwa anayekuja kliniki anasema miguu inawaka moto, moyo unamwenda mbio, mwili umekosa nguvu, na pengine ni bibi anayehitaji mjukuu amtafsirie kutoka Kifipa au Kimakonde. Mwanafunzi atajifunza wapi kuuliza na kusikiliza kwa lugha hiyo, kama hajawahi kumwona mwalimu wake akiketi na mgonjwa mmoja, kwa Kiswahili, kuanzia salamu hadi kumweleza dawa? Kuongea na mgonjwa mbele ya wanafunzi ni kufundisha. Tunataka kupimwe kama kufundisha.

Na mtu hawezi kujipima mwenyewe. Mwaka 1984 Howard Beckman na Richard Frankel walichapisha nchini Marekani utafiti wa mazungumzo ya kliniki yaliyorekodiwa: kwa wastani, daktari alimkatiza mgonjwa baada ya sekunde 18. Tabia kama hiyo haionekani mpaka sikio la pili liwepo.

Kwa wanafunzi jambo hili tumelikubali zamani. Ronald Harden na wenzake wa Dundee walipochapisha mwaka 1975 mtihani wa vitendo wa vituo, ambapo mtahini humtazama mwanafunzi akitenda, dunia iliupokea, nasi tunautumia. Sisi wenyewe tunapimwa kwa dodoso la mwisho wa muhula, linalojazwa na mwanafunzi ambaye bado anasubiri alama zetu, na kwa machapisho siku ya kupandishwa cheo. Hiyo si haki kwa mwalimu hodari wa wodini asiyejulikana na yeyote ila wanafunzi wake.

Kwa hiyo tunadai mafunzo ya ualimu kabla ya mtu kukabidhiwa wanafunzi. Tunadai mwenzake aje kumtazama wodini na darasani, wazungumze faragha siku hiyohiyo, na mazungumzo hayo yasiwe fimbo ya kumchapia. Tathmini ya cheo ifanywe kando, na watu wengine, na ufundishaji upewe uzito wake humo. Wagonjwa nao waulizwe kwa Kiswahili: ulielezwa ugonjwa wako? Ulielewa nini? Kumfedhehesha mwanafunzi kitandani kwa mgonjwa kukome kabisa.

Tutaambiwa wagonjwa ni wengi na muda hautoshi. Wengi ni kweli, tunawahudumia sisi. Ndiyo maana tunapendekeza njia kama ile ya Jon Neher na wenzake ya mwaka 1992, iliyobuniwa kwa ajili ya kliniki zenye haraka: muulize mwanafunzi anadhani ni nini, muulize kwa nini, mfundishe kanuni moja, mwambie alichofanya vizuri, msahihishe alipokosea. Ni mazungumzo ya dakika chache. Kumkaripia nako huchukua dakika.

Wakuu wa vyuo, tupeni saa za kazi hii katika ratiba. Wanafunzi, tuambieni ukweli nasi tutalinda majina yenu. Mwalimu mwenzetu, mwalike mtu mmoja unayemwamini aje kwenye raundi yako wiki hii. Raundi zetu sisi tuliotia saini ziko wazi kuanzia leo.