Acheni Kuniomba Kraki ya Rivabu

Kila wiki hakosekani mtu wa kunipigia simu. "Wewe si ni mtu wa kompyuta? Hebu nitafutie kraki ya ile rivabu wanayotumia Wamarekani." Jibu langu ni lile lile, na leo naliandika ili niwe nawatumia watu tu. Hapana. Sina, sitafuti, na wewe mwenyewe huihitaji.

Kwa msomaji asiye wa mambo haya: rivabu ni programu inayoipa sauti mwangwi wa mahali. Ukirekodi mtu akiwa karibu na maikrofoni, sauti hutoka kavu, kama anakunong'oneza sikioni. Programu huiweka ndani ya chumba, au ukumbi, au kanisa. Zamani haikuwa programu. Mwaka 1957 Wajerumani wa EMT walitoa mtambo uliotumia bamba kubwa la chuma lililoning'inizwa ndani ya sanduku, uzito wake kama kilo 270. Hebu pandisha hiyo hadi ghorofa ya nne kule Kangemi. Leo kazi hiyo inafanywa na msimbo mdogo tu, na hapo ndipo kiini cha ugomvi wangu kilipo.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Manfred Schroeder, akiwa Bell Labs huko Marekani, alionyesha kwamba mwangwi unaweza kutengenezwa kwa hesabu: unaichelewesha sauti kidogo, unairudisha ilikotoka ikiwa imepungua, unafanya hivyo katika njia kadhaa zenye urefu tofauti. Mwaka 2000 mtu aliyejiita Jezar akaandika Freeverb kwa kufuata wazo hilo, akauachia msimbo wake bure kabisa, usiwe mali ya mtu. Njia nane sambamba, kisha vichujio vinne mfululizo, kila upande wa stirio. Njia fupi kuliko zote inachelewesha sampuli 1,116, ndefu sampuli 1,617. Kwa sampuli 44,100 kwa sekunde hizo ni milisekunde 25 hadi 37 hivi. Basi! Ukijua C++ kidogo unausoma wote kabla chai haijapoa.

Na usidhani umezikwa mahali. Rivabu iliyo ndani ya Audacity ina asili yake humo. Dragonfly ya Michael Willis, ambayo ni ya bure na inafanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux, imejengwa juu ya kizazi chake, Freeverb3. Mwenye FL Studio tayari ana Fruity Reeverb 2, mwenye Reaper tayari ana ReaVerb na ReaVerbate. Vijana wanaonipigia simu wanazo hizi zote na hawajawahi kuzifungua. Wanataka ile yenye picha ya vitufe vya dhahabu.

Sasa nieleze kwa nini nakasirika. Kijana mmoja wa mtaani kwetu, mwenye sikio zuri kuliko mengi ninayoyajua, alinunua fleshi ya "plagini zote" katika kibanda kimoja mjini. Maelekezo yaliyokuja nayo yalisema azime kwanza kinga ya virusi. Akazima. Kufikia asubuhi kila faili ilikuwa imefungwa na kuna barua ya kudai pesa. Kwaya ya kanisa lao, sauti 14, kazi ya miezi minane. Aliniletea laptopu akiwa amekaa kimya. Mafaili hatukuyapata. Mwalimu wa kwaya hakuweza kuwakusanya tena wale waimbaji wote, kwani wawili walishahama. Huo ndio mwangwi wa bure alioununua.

Halafu kuna jambo la aibu ambalo hatulisemi. Mwanamuziki huyo huyo anayetumia kraki ndiye anayelia kwamba nyimbo zake zinauzwa kwenye fleshi na yeye hapati hata ndururu. Namuunga mkono, wanamnyonya kweli. Lakini Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 anayoishika mkononi inalinda na programu za kompyuta pia. Imezihesabu pamoja na kazi za fasihi. Aliyeandika rivabu naye ni fundi mwenye kodi ya nyumba. Mimi naandika programu kwa riziki yangu, kwa hiyo msinitegemee nicheke katika hili.

Wengine husema: sawa, lakini zile za bei zina konvolusheni, zina vyumba vya kweli. Konvolusheni ni kitu kizuri. Unachukua rekodi ya mlio mmoja mkali ndani ya ukumbi, programu inaitumia kuiweka sauti yako humo. Tatizo ni hesabu. Mwangwi wa sekunde mbili una sampuli 88,200. Ukifanya kazi hiyo kwa njia ya moja kwa moja, kila sampuli ya wimbo inazidishwa mara 88,200, yaani karibu bilioni 3.9 kwa sekunde kwa chaneli moja. Kuna ujanja wa hisabati unaopunguza mzigo huo sana, na programu zote za maana zinautumia, lakini kwenye kompyuta ya mtumba bado utasikia feni ikipiga mayowe. Freeverb haifikishi hata mizidisho 50 kwa kila sampuli ya chaneli. Fungua kumi, haitoi jasho.

Na kama unataka chumba cha kweli, kwa nini uibe cha Vienna? ReaVerb inapokea rekodi yoyote. Nunua puto. Majengo ya zamani ya katikati ya mji yana ngazi za zege na terazo zinazoimba zenyewe. Pasua puto chini, rekodi juu, kata kimya kilicho mwanzoni, umemaliza. (Zungumza na soja wa mlangoni kwanza. Mlio wa ghafla katikati ya Nairobi si jambo la mzaha.) Hiyo rivabu hana prodyuza mwingine yeyote duniani.

Lakini jiulize kwanza wimbo unataka kukaa wapi. Kanisa kuu la All Saints, lile ambalo jiwe lake la msingi liliwekwa mwaka 1917, ni mawe na urefu. Kwaya ikinyamaza mwangwi bado unazunguka juu. Kwaya inapendeza humo. Mtu anayechana maneno kumi kwa pumzi moja ukimweka humo, hakuna atakayesikia hata neno la tatu. Na wimbo wake hautachezwa kanisani, utachezwa kwenye matatu namba 46 ya Kawangware, spika chini ya kila kiti, besi inatikisa madirisha. Mkia wa mwangwi wenye besi humo unakuwa uji.

Kwa hiyo hiki ndicho ninachowaambia wote. Weka rivabu moja kwenye chaneli ya pembeni, vyombo vyote viitumie hiyo hiyo kwa viwango tofauti, ili visikike viko nyumba moja. Kata besi yake yote chini ya hezi 300 hivi. Uchelewesho wa mwanzo, milisekunde 20 hadi 40, ili neno litangulie mbele ya mwangwi. Punguza mpaka ukiizima ndipo unagundua ilikuwepo. Kisha sikiliza kwa spika ya simu.

Na chumba chenyewe! Nusu ya hao wanaotafuta rivabu ya dola mia tatu wamerekodi chini ya mabati. Mabati yana mwangwi wake, mfupi, wa kelele, na umeshaingia ndani ya rekodi. Hakuna rivabu inayouondoa, itaurefusha tu. Blanketi mbili nzito na godoro nyuma ya mwimbaji vitakusaidia kuliko plagini yoyote iliyowahi kuandikwa, ilimradi mvua isinyeshe.

Sisemi za kulipia hazifai. Za Valhalla ni nzuri sana, mimi mwenyewe natumia, VintageVerb ni dola 50, na Supermassive yao ni bure tangu 2020. Ukishaanza kulipwa kwa kazi zako, nunua. Kisingizio cha "sina kadi" kilikufa mwaka 2022 Safaricom walipoleta kadi ya Visa ya M-Pesa GlobalPay. Anayetaka nimwonyeshe jinsi ya kuweka hiyo chaneli ya pembeni aje Kangemi jioni na hedifoni zake. Fleshi aiache kwao.