KIPANDE KIPYA KIMO NDANI YA SIMU

Ndugu Wanachama wa Kitale na Bungoma,

Tajiri akifuta zamu yako, husema ni mpango wa biashara. Wewe ukiifuta, husema ni kosa. Neno letu la leo ni hilo tu.

Katika miji yetu hii miwili wako vijana wenye pikipiki ambao hawangoji tena abiria stendi peke yake. Wanapeleka chakula na vifurushi, na kazi yenyewe hugawanywa kwa simu. Hakuna nyapara, hakuna karani wa kuita majina. Unajiandikia zamu, na tangu hapo zamu imekufunga. Ukiifuta, alama zako hupungua. Alama zikipungua, saa nzuri za mchana na jioni hupewa wengine, nawe unaachiwa saa ambazo hakuna anayeagiza hata mkate.

Nitasimulia yaliyonipata mimi. Jina la tajiri naliacha, kwa kuwa shida hii si ya tajiri mmoja. Wakati wa mvua za masika nilijiandikia zamu ya kuanzia saa moja asubuhi. Usiku mtoto akashikwa na homa kali. Saa kumi alfajiri nikafuta zamu, saa tatu nzima kabla ya kazi, nikampeleka mtoto zahanati. Alama zikashuka, na wiki iliyofuata nikakosa kila zamu ya maana. Lakini hesabu ya mwenye pikipiki haikungoja. Nilikopa, nikalipa.

Mwezi haujaisha, mambo yakageuka. Nimejaza mafuta, nimevaa koti, niko njiani kutoka Kiminini kuingia Kitale. Simu ikalia: zamu imefutwa, maagizo ni machache. Mafuta yangu alirudisha nani? Alama za tajiri alipunguza nani? Nilipouliza nilijibiwa kwamba mimi si mfanyakazi, mimi ni mshirika katika biashara. Mshirika gani asiyejua bei inavyopangwa, asiyeona vitabu vya faida, ila hasara huletewa mpaka mlangoni?

Wazee wetu waliotoka Bungoma na Kimilili kwenda mashamba ya masetla ya Trans Nzoia wangeutambua mchezo huu upesi. Tangu 1919 na 1920 Mwafrika mwanamume alilazimishwa kuchukua kipande, akakivaa shingoni ndani ya mkebe wa chuma. Humo bwana aliandika mshahara na siku za kazi. Aliyeondoka bila sahihi ya bwana aliitwa mtoro, akapelekwa kortini. Bwana mwenyewe hakuvaa mkebe. Leo hakuna polisi anayekufuata kwa sababu ya alama za simu, hiyo ni kweli. Lakini anayeandika ni tajiri, anayebeba ni wewe, na huulizwi neno.

Kampuni husema: mteja ana njaa, dereva asipofika chakula kitapoa. Hatukatai. Tena wako wenzetu wanaojiandikia zamu, halafu wakimwona abiria wa Webuye wanaifuta dakika ya mwisho. Anayeumia kwanza ni dereva mwenzao ambaye angeichukua saa ile. Tabia hiyo chama hakiitetei. Lakini kama zamu ni ahadi, ahadi ni ya watu wawili. Anayetaka nimngoje, anilipe kwa kungoja. Asiyelipa kungoja, asiniadhibu kwa kutongoja.

Na wewe unayesema, "Mimi ni bosi wangu mwenyewe, chama ni cha nini?", tunakuuliza: ni bosi gani anayeogopa simu yake?

Jambo hili limekwisha kuamuliwa kwingine. Tarehe 25 Septemba 2020 Mahakama ya Juu ya Hispania iliamua kwamba mpeleka chakula wa Glovo alikuwa mwajiriwa. Majaji walitazama shida hii hii: aliyejiandikia saa asipoonekana kazini alikatwa alama 0.3, na wenye alama za juu ndio waliotangulia kuchagua saa. Tarehe 19 Februari 2021 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliwapa madereva wa Uber haki za wafanyakazi, na sababu mojawapo ni kwamba kampuni ilihesabu safari walizokataa na walizofuta, ikawafungia nje kwa muda.

Hapa Kenya, Katiba ya 2010, kifungu cha 41, inampa kila mtu haki ya kutendewa kwa haki kazini. Haikusema kila mwajiriwa, imesema kila mtu. Sheria ya Ajira ya 2007, nayo kifungu cha 41, inasema mwajiriwa asifukuzwe kwa kosa kabla ya kuelezwa sababu katika lugha anayoielewa na kusikilizwa, akiwa na mwenzake au mwakilishi wa chama. Na Sheria ya Kulinda Data ya 2019, kifungu cha 35, inampa mtu haki ya kutokatiwa shauri zito na mashine peke yake.

Kwa hiyo tunadai:

1. Dereva akitoa habari saa mbili kabla, asiadhibiwe. Ugonjwa, msiba, ajali na barabara iliyokatika kwa mvua visihesabiwe kuwa kosa kamwe.

2. Tajiri akifuta zamu zikiwa zimebaki chini ya saa mbili, alipe nusu ya zamu.

3. Mtu asifungiwe kazi na mashine. Aitwe, asikilizwe, na chama kiwepo.

4. Kanuni za alama ziandikwe kwa Kiswahili, kila dereva apewe.

Madai bila ushahidi ni kelele tu. Kila memba awe na daftari. Andika tarehe, saa, nani aliyefuta zamu, na mafuta uliyotia. Usifute ujumbe wa simu hata mmoja. Lete daftari kwenye mkutano wa tawi. Madaftari hamsini mezani yatasema zaidi ya mtu mmoja anayelalamika chini ya mwembe.

Harry Thuku na wenzake walikipinga kipande mwaka 1921. Machi 1922 akakamatwa, na watu waliodai aachiliwe wakapigwa risasi Nairobi. Kipande hakikuondoka siku ile, lakini kiliondoka. Hiki cha simu nacho hakitaondolewa na dereva mmoja mmoja, kila mtu na alama zake mkononi.

Lipeni ada. Njooni mkutanoni. Umoja ni nguvu.

Wenu katika kazi,
Dereva, mwanachama wa Kitale