Jibu Sahihi Linapoficha Kosa: Maoni Juu ya Upimaji wa Desimali katika Shule za Msingi

Mtoto aliyekulia Kibirizi au Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika, hahitaji kufundishwa kwamba kilo moja na nusu ya dagaa ni nzito kuliko kilo moja na robo. Mkono wake umekwisha kumwambia. Lakini mtoto huyohuyo, akiandikiwa ubaoni 1.5 na 1.25 na kuulizwa ipi ni kubwa, huweza kujibu bila kusita kwamba ni 1.25, kwa sababu ishirini na tano ni nyingi kuliko tano. Kosa hilo si la uvivu wala la ujinga. Ni maarifa halali yaliyotumiwa mahali pasipo pake. Kwa miaka kadhaa mtoto amefundishwa, tena kwa haki, kwamba namba nzima yenye tarakimu nyingi ni kubwa kuliko yenye tarakimu chache. Hakuna aliyemwonyesha kwamba upande wa kulia wa nukta kanuni hiyo haifanyi kazi.

Linalotia wasiwasi zaidi ni namna mazoezi na majaribio mengi yanavyolipita kosa hilo bila kuligusa. Mwalimu akiuliza ipi ni kubwa kati ya 3.75 na 3.42, mwanafunzi asiyejua lolote juu ya sehemu za kumi na sehemu za mia atapata vema, maana 75 ni kubwa kuliko 42. Akiambiwa ajumlishe 12.45 na 3.20, atapanga nukta chini ya nukta, atajumlisha kama anavyojumlisha namba nzima, naye atapata vema tena. Maswali kumi ya namna hiyo yaweza kumpa alama kumi kwa kumi, ilhali hajui thamani ya tarakimu hata moja iliyo kulia kwa nukta. Jaribio ambalo kanuni ya uongo hupata alama sawa na kanuni ya kweli halipimi uelewa. Linapima bahati ya namba alizozichagua mtunga maswali.

Kosa hili limechunguzwa katika nchi nyingi. Huko Ufaransa, Catherine Sackur-Grisvard na François Léonard walionyesha mwaka 1985 kwamba watoto wanaokosea hawakisii ovyo, bali kila mmoja hufuata kanuni yake kwa uaminifu. Baadaye, Vicki Steinle na Kaye Stacey wa Chuo Kikuu cha Melbourne, Australia, waliwafuatilia wanafunzi kwa miaka kadhaa. Ilionekana kwamba wako wanaoamini kuwa desimali ndefu ndiyo kubwa, na wako wanaoamini kinyume chake, yaani desimali fupi ndiyo kubwa. Hawa wa pili huwaza kwamba sehemu ya kumi ni kubwa kuliko sehemu ya mia, jambo ambalo ni kweli, kisha hukata shauri kwamba 0.3 ni kubwa kuliko 0.75, jambo ambalo si kweli. Imani ya kwanza hupungua kadiri mtoto anavyokua. Ya pili huweza kudumu mpaka sekondari, na hapo ndipo mwalimu wa sekondari anapohusika.

Yapo mambo katika maisha ya kila siku ambayo yangetazamiwa kumsaidia mtoto, lakini hayamsaidii sana. Tanzania ilipoanza kutoa fedha zake mwaka 1966, shilingi iligawanywa katika senti mia, na sarafu za senti zilipita mikononi mwa watoto waliotumwa dukani. Leo senti hazimo tena katika matumizi, na mtoto haoni sehemu ya mia ya kitu chochote mfukoni mwake. Hata hivyo, senti zenyewe zilikuwa na mtego wao. Shilingi 2.50 ilisomwa mbili na hamsini, kana kwamba nukta ni ukuta unaotenga namba mbili nzima. Mizani ya kisasa ina mtego huohuo. Huonyesha 1.500 na 1.350, tarakimu tatu kila mara, na mtazamaji husoma gramu mia tano na gramu mia tatu na hamsini bila kufikiri juu ya nafasi. Siku mchuuzi atakapoandika 1.5 na 1.35 katika daftari lake, msaada wa zile sifuri utakuwa umeondoka.

Lugha nayo yataka uangalifu. Katika Kiswahili, makumi na sehemu za kumi hutofautishwa kwa neno moja tu, na vivyo hivyo mamia na sehemu za mia. Mtoto asiyesikiliza vema aweza kudhani kwamba sehemu za mia ni kubwa kuliko sehemu za kumi, kama mamia yalivyo makubwa kuliko makumi. Tena, kusoma 2.35 kuwa "mbili nukta tatu tano" ni sahihi, lakini hakusemi thamani ya tarakimu yoyote. Anayeweza kusema "mbili nzima, sehemu tatu za kumi na sehemu tano za mia" ndiye aliyeonyesha kwamba anaelewa.

Basi upimaji uweje? Hauhitaji vifaa wala fedha. Wahitaji jozi chache za namba zilizochaguliwa kwa makusudi. Mathalani: 4.63 na 4.8; 0.3 na 0.75, 4.08 na 4.7, na mwisho 0.4 na 0.40, pamoja na ruhusa ya kujibu kwamba ziko sawa. Anayeamini kwamba ndefu ni kubwa atakosa jozi ya kwanza na ya tatu, na kupata ya pili. Anayeamini kwamba fupi ni kubwa atapata ya kwanza na ya tatu, na kukosa ya pili. Aliyeshika tu kwamba sifuri baada ya nukta hupunguza thamani, lakini bado anafuata urefu, atakosa ya kwanza peke yake. Jozi ya nne hufichua iwapo mwanafunzi anajua kwamba sifuri ya mwisho haiongezi kitu. Hivyo mpangilio wa makosa humweleza mwalimu mengi kuliko jumla ya alama. Kisha liulizwe swali fupi kuliko yote: kwa nini?

Tiba nayo ni ya kale. Simon Stevin, aliyeeneza matumizi ya desimali barani Ulaya kwa kijitabu chake De Thiende cha mwaka 1585, hakutumia nukta. Aliandika kando ya kila tarakimu alama iliyotaja nafasi yake: hii ni ya nzima, hii ni ya sehemu za kumi, hii ni ya sehemu za mia. Mwanafunzi anayeandika jina la nafasi chini ya kila tarakimu anafanya kazi ileile, na kosa lake halina pa kujificha.

Wapo watakaosema kwamba madarasa yamejaa na kwamba mwalimu hana muda wa kuuliza kila mtoto sababu. Hoja hiyo ina uzito. Lakini jozi nne husahihishwa upesi kuliko hesabu kumi za kujumlisha, na sababu zaweza kuulizwa kwa watoto watano kila siku. Wengine watasema kwamba mtihani wa kumaliza elimu ya msingi ndio unaoamua, na tangu mwaka 2012 majibu ya kuchagua herufi husomwa kwa mashine. Hata hivyo, mashine haimzuii mtunga maswali kuchagua namba zenye urefu usiolingana. Tangu mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Julius Nyerere alionya juu ya heshima iliyopita kiasi inayopewa mitihani. Onyo hilo lingali hai pale alama inapochukuliwa kuwa ni maarifa yenyewe.

Gharama ya uzembe huu hulipwa baadaye. Mwanafunzi wa Kidato cha Kwanza asiyejua kama 0.4 ni kubwa kuliko 0.15 hawezi kusoma kipimo katika maabara, naye ataambiwa kwamba fizikia imemshinda. Akiwa mganga, atapima dawa. Akiwa mtafiti wa ziwa, atalinganisha kupanda kwa maji mwaka huu na mwaka uliopita, katika nchi ambako maji hayo yamekwisha kuingia majumbani mwa watu wa ufukweni. Mwalimu wa sekondari atakayetenga dakika kumi za wiki ya kwanza kwa zile jozi nne atajua anaanzia wapi. Asipofanya hivyo, atajenga juu ya msingi ambao hajaukagua.